Nani Anapanga Siku ya Kukagua Reli

Handeni kwetu hakuna reli, ndiyo maana likizo nilipenda kwenda Korogwe kwa mjomba. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma yanayobeba reli, akizigonga kwa nyundo, na kwa mlio alijua palipolegea. Ratiba ya ukaguzi ilitoka ofisini, lakini mvua kubwa ikinyesha alikwenda bila kuagizwa. "Mvua haisomi ratiba," alisema.

Sasa binti yangu amepata kazi Dar es Salaam, na kila asubuhi hupanda treni ya mjini. Nilipomtembelea nilipanda naye, nikamuuliza mhudumu nani anaamua njia ikaguliwe lini.

"Wakubwa, mzee."

"Nao hupanda?"

Akacheka. "Wana magari yao!"

Nikampigia mjomba, nikamwamkia, nikamweleza. "Na wagonga nyundo huitwa wakubwa hao wanapokaa kupanga?" akauliza. Sikujua. Nikategea sikio magurudumu.

"Baba, unasikia nini?" binti akauliza.

"Kelele tu."

"Basi aamue anayesikia."

Alishuka kwenda kazini. Mimi nilibaki hadi kituo cha mwisho, nikashuka kutafuta ofisi ya kuuliza kama wagonga nyundo huitwa.