Kambale na Ngazi Zake Tatu za Shida

Bado sijakubali. Asubuhi nimemwandikia Kambale kumuuliza nywila ya serveur, ile kompyuta kuu ya ofisi, nikatuma, ndipo nikakumbuka kwamba tunamzika kesho.

Kwa wasiomjua: Kambale ndiye aliyetengeneza programu ya kufuatilia frigo, yaani friji, za chanjo ofisini kwetu Butembo. Muuguzi anaandika hali ya frigo yake kwenye simu, ujumbe unaingia kwenye log, daftari la programu, nasi tunaupata ofisini.

Mwanzoni kila ujumbe ulilia sawa. "Frigo iko muzuri" kelele, "frigo imekufa" kelele ile ile. Simu ya alerte, ile inayolia ujumbe ukiingia, nilikaa nayo mimi. Wiki ya pili, nimechoka na kelele, nikaifungia kwenye droo, na chanjo za kituo kimoja upande wa Mabalako zikaharibika zote. Akina mama waliotembea na watoto mgongoni, njia zikiwa na vita, wakarudi mikono mitupu.

Nililia. Kambale hakunigombeza. "Haiko makosa yako, dada. Ni log yangu ndiyo iko na kelele sawa na mulevi."

Akaweka ngazi tatu za ujumbe, muuguzi achague mwenyewe. INFO, ya habari za kawaida, inaandikwa kimya kimya; WARNING, ya onyo, inalia mara moja; ERROR, ya hatari, hainyamazi mpaka ujibu. Tukanywa soda kujipongeza.

Siku nne simu kimya. Mimi nikadhani vita imekwisha. Yeye akafungua log, akakuta ujumbe wa Mama Kavira, muuguzi wa kituo kile kile, umetulia kwenye INFO:

"Salama sana bureau. Jana balipiga risasi, tukakimbia mu pori, tumerudia. Batoto bote bazuri. Frigo imezima leo asubuhi. Tunabasalimia."

Kambale alipanda pikipiki na sanduku la barafu. Kwenye kizuizi askari akamuuliza amebeba nini, naye akamweleza INFO na WARNING kwa utulivu mpaka askari mwenyewe akamwomba aende. Chanjo alizikuta bado baridi.

Akamuuliza Mama Kavira kwa nini hakuchagua ERROR.

"Mutoto wangu, nitaanza namna gani na habari mubaya mbele ya kusalimia?"

Kambale alielewa. Mama yake mzazi yuko hivyo hivyo.

Basi akaongeza ukurasa wa salamu. Programu inauliza kwanza habari za nyumbani, za watoto, za mashamba. Ukishajibu salama zako zote, ndipo inauliza: "Na frigo?" Ngazi akazibatiza upya: INFO ikawa Tunavumilia, WARNING ikawa Inasumbua, ERROR ikawa Mukuje, yaani njooni.

Nilimcheka. Nikamwambia hakuna programu duniani inayosalimiana na frigo. "Dada, mutu haiko serveur," akasema, akaendelea kuandika. Tangu hapo kituo kile hakijaharibikiwa na chanjo hata moja.

Mwezi uliopita akaanza kukonda. Kila nikimuuliza, jibu ni moja: "Tunavumilia, dada." Na mimi, mwenye simu ya alerte miaka yote hii, nikaamini. Nimekukasirikia, Kambale. Nimejikasirikia zaidi mimi.

Hapa kwa mama yako, mtaani Vulamba, viti vimekwisha, watu wamekaa juu ya matofali. Mama Kavira amefika, amepita vizuizi vyote, amesalimia kila mtu mmoja mmoja, kisha ndipo akalia.

Hukutuita, kaka. Tumekuja tu.

Pumzika sasa.