Mkanda Mmoja, Watu Wawili

Sitaki tena kusikia mtu akiniambia kwamba ajali haina kinga. Kwenye matanga ya rafiki yangu walilisema neno hilo wote, kuanzia katekista mpaka majirani, na bosi wetu akalisema kwa sauti kuwapita wote, kofia mkononi. Kinga ilikuwapo. Ilikuwa kwenye buti ya gari lake, ndani ya mfuko wa nailoni, na lebo yake haijabanduliwa.

Mimi na yeye tulikuwa mafundi wa minara ya simu hapa Likasi. Kampuni ndogo iliyotuajiri ilikuwa na mikanda miwili ya kujifungia juu, ile ambayo kwetu tunaiita mukaba. Mmoja ulikuwa wa kazi. Wa pili ulikuwa wa picha. Kila asubuhi bosi alituvalisha wote wawili, akatupiga picha chini ya mnara ili wenye mnara waone kwamba watu wanalindwa, kisha akamvua mmoja wetu ule mpya na kuurudisha garini usije ukachafuka.

Basi tukabuni namna yetu. Wa kwanza anapanda amejifunga. Akifika juu anakumbatia chuma kwa miguu, anavua mkanda, anaushusha kwa kamba ya vifaa. Wa pili anauvaa na kumfuata, na wakiwa wote juu, anayefungua nati ndiye anayevaa. Mpaka mwenzake afike, wa kwanza hagusi chochote. Anakaa tu, anatazama moshi wa kiwanda cha Shituru na nguzo za umeme zinazotoka bwawa la Koni. Sheria hiyo tuliitunga wenyewe na tukajivunia. Wapumbavu wawili tumepangiana zamu ya kufa, halafu tunajiita wazoefu!

Siku moja rafiki yangu alisema tuombe ule wa pili. Nilicheka.

“Weye unataka mukaba yako pekee, kama bibi-arusi?” nikamwambia mbele ya wenzetu, nao wakamtania wiki nzima. Hakuutaja tena. Sisi watu wa juu tuna ujinga wetu: tunaamini kinachomwangusha mtu ni woga. Tukimwona anajifunga kila hatua, tunasema huyo ataanguka tu, maana anawaza kuanguka. Upuuzi mtupu. Anayeanguka mpaka chini ni yule asiyefungwa.

Siku ile tulikuwa kwenye mnara wa mlimani, njia ya Kamatanda. Yeye alitangulia, akanishushia mkanda. Nilikuwa nimefika katikati bosi alipoanza kupiga honi.

“Anza! Client anangoja! Tuko na retard mingi, tumechelewa!”

Nilipaza sauti nikamwambia mwenzangu asubiri. Sijui kama alinisikia. Nilisikia spana ikigonga chuma juu yangu, halafu akapita pembeni yangu akienda chini, karibu kiasi cha kumgusa. Sikunyoosha hata mkono. Nilikumbatia mnara, mkanda ukanibana, kisha nikashuka hatua moja moja.

Siku ya tatu ya matanga bosi aliniita nyuma ya turubai. Alikuwa na karatasi.

“Ni formalité tu, utaratibu. Unasinye kwamba alitoa mukaba yeye mwenyewe. Si ni kweli?”

“Ni kweli, patron.”

“Na bote bawili mulikuwa na mukaba. Photo iko.”

Nilitia sahihi. Nilikuwa na kazi ya kulinda, na nikisema kweli, nilifurahi kwamba karatasi haikunilaumu popote. Namchukia mtu yule kwa karatasi yake, lakini mkono uliotia sahihi ulikuwa wangu.

Wiki mbili baadaye mjane alikuja kwangu mchana, amekunja kitambaa chake cha msiba kwapani. Ndugu za marehemu, watu wa asili ya Kasai, walikuwa wameonyeshwa ile karatasi, na wamejiuliza swali ambalo bosi hakulifikiria: mtu mzima, yuko juu kabisa, anajivulia mkanda kwa nini? Wakajijibu wenyewe. Alitaka kufa, na mke ndiye aliyemfikisha pale. Sasa walitaka kumnyang’anya watoto.

“Yaya, weye ulikuwa pale,” akaniambia, akiniita kaka. “Alitoa mukaba juu ya nini, sababu gani?”

“Juu ya kunipa miye.”

Nikamweleza zamu yetu. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Na ulisinye.”

“Nilisinye.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

“Siku ya posho bandugu banakutana,” akasema. “Utakuja, utasema ile mbele yabo.”

Jumamosi hiyo, ndiyo siku ya posho kwetu, nilikwenda. Nilikuwa nimeandika kila kitu, maana najijua, ningeanza kukwepa. Nikasoma nimesimama: mkanda wa picha, kamba, honi. Kaka za marehemu walinikodolea macho. Kisha nikafika kwenye mstari wa mwisho: alipoanguka, mkanda ulikuwa kiunoni mwangu.

Mama wa marehemu, ambaye Kiswahili kinampita kikisemwa haraka, akauliza nimesema nini. Wanawe waliinamisha vichwa. Mjane ndiye aliyemtafsiria kwa Kiluba cha kwao, neno kwa neno, akinitazama mimi.