Mshono Usio na Pamba

Mwaka wa tisini na sita, nikiwa kidato cha pili, baba alimwita fundi wa boti kutoka Mbita aje atujengee moja nyumbani, Karungu. Boti ilikaa nyuma ya jiko, kubwa kuliko jiko lenyewe.

Fundi alikuwa na mtindo wake. Akishapiga randa, anafumba macho na kupitisha kiganja polepole juu ya mbao. "Hapa kuna kilima," anasema, na randa inarudi. Mimi nikaufanya mchezo. Shuleni nilifumba macho nikapapasa vichwa vya wenzangu: "Hapa kuna kilima." Hata mwalimu wa zamu alicheka, kisha akanichapa, na habari ikafika hadi kwa wavuvi ufukweni.

Likizo ilipofika nikapewa kazi ya kuziba. Unasokota pamba, unaichovya kwenye mafuta, unaigonga kwa patasi mpaka ijae kati ya ubao na ubao, ndipo unapaka puti laini juu kufunika pamba. Mshono wa chini, upande wa kushoto, ulikuwa wangu.

Ijumaa jua lilianza kushuka nikiwa nimebakisha kama hatua mbili. Sisi ni Wasabato. Jua likizama, nyundo inalala. Ningesema tu sijamaliza. Badala yake nikapaka puti juu ya ufa mtupu, nikailainisha kwa kidole.

Fundi akaja, akafumba macho, akapitisha kiganja. "Hakuna kilima, nyathina, mwanangu. Una mkono wewe." Nilisikia raha kweli, na hiyo raha ndiyo inaniuma zaidi.

Jumapili boti ilipakwa rangi. Siku iliyofuata ikasukumwa ziwani, na mvuvi mmoja aliyetaka fundi amjengee yake akaja kutazama. Makasia hayajapigwa mara kumi, maji yakawa vifundoni.

"Fundi, umetujengea karai?" baba akauliza. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa mazoea.

Boti ilipovutwa nje, fundi alichokoa puti kwa kisu, akaona hakuna pamba. Akaniangalia. Kisha akamwambia baba, "Kazi ni yangu, mzee. Nitarekebisha." Yule mvuvi akaondoka bila kuaga.

Nilimwambia baba ukweli jioni hiyo. Hakunichapa. "Nenda umwambie yule mvuvi," alisema. "Kwa mdomo wako."

Nilimkuta mvuvi akishona nyavu. Nikaeleza yote: pamba, puti, jua. Akaanza kutabasamu.

"Wewe si ndiye yule wa kilima?"

"Ni mimi. Lakini huu ni ukweli."

"Fundi ndiye amekutuma, eh?" Akamwita mkewe aje asikie. "Hebu rudia."

Nikarudia. Wakacheka wote wawili, na mkewe akafuta machozi kwa leso.

Niliporudi, fundi alikuwa amechuchumaa kando ya boti, anagonga pamba kwenye mshono wangu.

"Amesema nini?"

"Amecheka."

Fundi akatikisa kichwa, akanisogezea patasi ya pili.