Mgeni wa Kompyuta Sita za Wagdi

Saa mbili asubuhi, mlango wa bati umeinuliwa nusu. Ndani, Wagdi Shalabi ameinamia kompyuta ya nne, sahani ya maharage ya ful inapoa pembeni. Anafungua mipangilio ya kivinjari, anafuta injini ya kutafutia ambayo hakuiweka yeye, anarudisha ile ya zamani. Anafunga. Anafungua tena.

Imerudi.

"Hebu iangalie," anasema, hata hasira hana tena. "Naifukuza, kabla sijameza tonge ishakaa kitini. Mgeni gani huyu, jamani?"

Wagdi, mwenye miaka arobaini na saba, ana chumba kimoja na kompyuta sita kwenye uchochoro wa mji wa Damanhur, Misri. Zamani siku njema ilimwachia pauni mia tatu. Wiki hii hata mia hajaiona.

Mgeni wake aliingia mwezi wa sita, amejificha ndani ya programu ya bure ya kusomea vitabu. Matangazo yaliongezeka kidogo, lakini majibu yalikuja. "Nikasema potelea mbali, mradi inatafuta."

Potelea mbali hiyo ndiyo iliyomponza.

Uchochoroni hapa hakuna mtu asiye na cheo. Anayejua kuunga waya ni mhandisi, na mtoto aliyefaulu ni daktari kabla hajaliona geti la chuo. Wagdi aliishia shule ya ufundi, ila watu wamemwita mhandisi miaka ishirini. Na Shuruq, binti wa Inshirah mshona sare, akawa daktari siku ile ile matokeo ya sekondari yalipotoka. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, akagawa sharbati hata kwa jirani wasiyesalimiana naye.

"Alama zake zilitosha udaktari na chenji ikabaki," anasema Wagdi.

Lililobaki lilikuwa kujaza machaguo ya vyuo mtandaoni, ndani ya siku tano. Huku hakuna anayeandika anwani ya tovuti. Watu huandika jina la wanachokitaka, wakabonyeza la kwanza kutokea. Wagdi naye alifanya hivyo hivyo, Shuruq ameketi kulia kwake, Inshirah amesimama nyuma anasoma dua.

Ukurasa ulikuwa na nembo na kila kitu. Ulidai namba ya mtihani na namba ya siri, mwisho ukatoa karatasi: ombi limepokelewa. Wagdi aliichapa kwa rangi, akakataa malipo. "Nimtoze daktari wetu? Si aibu hiyo!"

Majina yalipotoka, la Shuruq halikuwemo. Ofisi ya upangaji wa vyuo haikuwahi kupokea kitu. Ukurasa ule ulikuwa wa matapeli, na injini ile ndiyo iliyoupandisha juu. Awamu ya kwanza ilikwishafungwa, na nafasi za udaktari zimejaa.

"Inshirah angenitukana, ningepata usingizi," anasema. "Aliiweka karatasi mezani, akaniuliza taratibu, 'Mhandisi, hii uliitoa wapi?' Nilitamani ardhi inimeze."

Anageukia kompyuta ya tano. Anafuta. Inarudi.

Hapo Shuruq anainama chini ya bati, anaingia. Leo ndiyo siku ya mwisho ya awamu ya pili, na nyumbani hawana kompyuta. Mama yake amebaki nje, amegeuza mgongo.

"Sabalkheri, Ami Wagdi."

"Sabalkheri, mwanangu. Subiri, hili shetani halijatoka bado."

Shuruq anatazama skrini ya tano, kisha ya nne, kisha ya kwanza. "Zote umezifungua kwa akaunti moja?"

"Ndiyo, miaka yote. Nikipanga moja, zote zinajipanga. Nitahangaika na sita ya nini?"

"Basi ndiyo maana. Unamtibu mmoja, watano wanamwambukiza tena. Itoe akaunti kwenye zote kwanza, Ami, ndipo ufute."

Wanafanya pamoja, mmoja upande huu, mwingine ule. Dakika kumi. Wagdi anafungua kivinjari, anafunga, anafungua. Mgeni hayupo. Anapiga paja.

"Mungu akupe afya, daktari!"

Neno limeshatoka. Anajifunika mdomo kwa kiganja. Shuruq anajifanya hakusikia, anavuta kiti.

"Nisomee anwani, Ami. Herufi moja moja."

Anamsomea kutoka kwenye karatasi ya ofisi ya upangaji. Chaguo la kwanza: biashara, hapa hapa Damanhur. Wanaihakiki anwani mara tatu. Hii ni ya kweli.

Akiulizwa ana mpango gani, Wagdi anaonyesha ukuta. Ataandika anwani ile kwa rangi nyeusi juu ya kila kompyuta, na awamu ya tatu ikifunguliwa atawajazia watoto bure. "Natumaini watakuja. Asirudi nyumbani mwingine hivi. Huyu wangu nimeshampoteza."

Nje, mwenye genge anamwona Shuruq, anapaza sauti toka kwenye nyanya zake. Bado hajaambiwa.

"Daktari! Mgongo wangu huu utanitibu lini?"

"Inshallah, Ami," Shuruq anajibu, anamshika mama yake mkono.

Wagdi anaisukuma pembeni sahani ya ful. Hakuna aliyeigusa tena.