Bi Mitsue, mbandika vitambaa aliyepokea rambirambi zake mwenyewe

Asubuhi hii mlango wa kiwanda kidogo cha uchapaji umefungwa na kuzibwa chini kwa magazeti. Upepo wa mlima Akagi ukipata upenyo wa kidole tu, kazi ya siku nzima iko sakafuni.

Kogure Mitsue ameinamia meza. Kushoto ameshika kibano, kulia brashi nyembamba. Anachovya gundi ya ngano, anapitisha mstari mmoja juu ya ukurasa, anashusha kipande cha hariri chenye ukubwa wa kiberiti, anakigandamiza kwa dole gumba. Kisha anavuta ukurasa mwingine.

"Gundi unaweka juu tu," anasema bila kuinua macho. "Chini unaacha wazi, ili msomaji akinyanyue aone na upande wa nyuma. Mafundi wa rangi hawaamini mpaka waone nyuma."

Mlango unafunguka. Ni Mzee Kitazume Yasuo, mwenye kiwanda, na birika la chai ya shayiri mkononi.

"Mlango!" anafoka Bi Mitsue.

"Nimeleta chai."

"Umeleta upepo. Funga huko!"

Mzee anafunga, anainama kuokota vipande viwili vya manjano vilivyoruka, huku akicheka.

"Unamwona marehemu wetu?" anamwambia mgeni wao, mwandishi wa habari hii. "Tumempokelea rambirambi mwaka jana, na bado anatufokea."

Si utani mtupu. Bi Mitsue, mwenye miaka 66, mkazi wa Kiryu, mji wa wafumaji nchini Japani, ni miongoni mwa watu wachache waliowahi kupokea rambirambi zao kwa mikono yao wenyewe. Na bila rambirambi hizo, meza hii leo ingekuwa tupu.

Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akibandika vitambaa kwenye jarida la chama cha watafiti wa rangi za mimea. Jarida hutoka mara moja kwa mwaka, wakati maua ya mcheri yanafunguka. Maprofesa huandika humo habari za mizizi, maganda ya vitunguu na magome ya miti, na pembeni ya kila makala hubandikwa kitambaa chenyewe kilichotiwa rangi hiyo. Vitambaa hutoka kwa mafundi wa vijijini, wengi wao wazee, ambao nao ni wanachama.

Alianza kama kibarua wa muda, baada ya kiwanda alichofumia mumewe kufungwa. Kazi ikamnogea, akabaki. Hulipwa yen ishirini kwa kipande, na mchana hufunga vyakula kwenye duka la jirani.

"Siyo hela ya kujengea nyumba," anasema. "Ila ndiyo inayoninunulia mafuta ya hita baridi nzima. Na nilikuwa naipenda kazi, basi. Nikiamka najua naenda kushika rangi."

Kwenye ukurasa wa mwisho wa kila toleo, chini kabisa, kulikuwa na mstari mmoja mdogo: Vipande vimebandikwa na Kogure Mitsue. Mwenyewe alidhani hakuna anayeusoma.

Novemba mwaka juzi chama kilifanya mkutano mkuu. Wanachama walikuwa wakipungua, gharama za posta zinapanda, maktaba zinaomba zisiletewe tena jarida kwa kuwa rafu zimejaa. Wanafunzi wote wanasoma kwenye simu. Ikapigwa kura: jarida liende mtandaoni, karatasi basi.

"Hata mimi niliinua mkono," anakiri Profesa Iwabuchi Tetsuro, mhariri wa jarida. "Roho iliniuma, lakini niliinua. Mtandaoni mtu yeyote anasoma bure, popote alipo. Hilo nalo ni jema, ningelipingaje?"

Bi Mitsue aliambiwa kwa simu. "Nikasema asante, nikakata. Nikaosha brashi zangu, nikazifunga kwenye gazeti. Jioni nikalia. Nisikudanganye, iliniuma sana."

Machi ikafika. Jarida likawekwa mtandaoni, wanachama wakatumiwa barua pepe. Lakini wale wazee wa vijijini, barua pepe wanaifungua saa ngapi? Walichojua ni kwamba maua yamefunguka, yamepukutika, na jarida halijaja. Wakaanza kupigiana simu. Hapo ndipo kasheshe lilipoanza.

Likikosekana baada ya miaka yote hiyo, walisema, basi kuna mtu amekufa. Nani? Mhariri siyo, alionekana kwenye televisheni juzi tu. Wakafunua toleo la zamani mpaka ukurasa wa mwisho, wakaukuta ule mstari mdogo.

"Masikini! Kumbe ni yule mama wa kubandika."

Bahasha ya kwanza ya pesa za rambirambi iliingia kiwandani siku ya mvua, imefungwa kamba nyeusi na nyeupe, imeandikwa kwa wino hafifu kama inavyopasa kwa msiba. Mzee Kitazume alisoma jina la marehemu mara mbili, akanyanyua simu.

"Nikamuuliza, Bi Mitsue, uko hai?" anasimulia. "Akaniuliza, bosi, umeanza kunywa asubuhi?"

Bahasha zikafuata, zikafika arobaini na kitu. Wengine walituma ubani wa kufukiza, mmoja akatuma matunda yaliyokaushwa. Na ndani mlikuwa na maneno. Fundi mmoja wa Shikoku aliandika: "Sijakuona hata siku moja, lakini kila mwaka nimegusa kazi yako."

Bi Mitsue anaweka kibano chini hapo. Anafuta macho kwa mgongo wa mkono, kisha anautazama mkono usije ukawa na gundi.

Aliamua kuwapigia mmoja mmoja ili awarudishie pesa zao. Wa kwanza alikuwa Bibi Naraoka wa Aomori, mwenye miaka 91, fundi wa rangi ya kahawia.

"Bibi, mimi Kogure wa Kiryu. Wa kubandika vipande."

"Wewe si umekufa?"

"Sijafa, bibi. Nakupigia nikurudishie pesa yako."

"Pesa ya msiba irudi nyumbani kwangu? Unanitakia nini wewe? Kaa nayo! Halafu jarida liko wapi?"

"Siku hizi liko mtandaoni, bibi."

"Haya. Na huko mtandaoni, kitambaa changu mmekibandika wapi?"

Bi Mitsue anaokota kibano chake. "Ningemwambia nini?"

Pesa zikabaki, na hapo likaja deni la adabu. Kwa desturi ya huko, ukipewa rambirambi, lazima urudishe shukrani ya kama nusu yake. Mzee Kitazume alishauri majani ya chai au taulo, kama wafanyavyo watu wote.

"Taulo!" Bi Mitsue anabetua midomo. "Wazee wale wana kabati zima la taulo za misiba. Wanachotaka nakijua."

Akazifunga bahasha zote kwenye kitambaa, akapanda treni mpaka ofisini kwa Profesa Iwabuchi, akazitua mezani.

"Profesa, nina deni la watu. Nataka niwarudishie jarida."

Profesa alitazama zile kamba nyeusi na nyeupe. Kisha akacheka mpaka akavua miwani. "Nimehariri miaka mingi," anasema, "sijawahi kusikia toleo linalogharamiwa na msiba wa mtu aliye hai."

Yakachapwa mabuku themanini, membamba. Makala yenyewe yalibaki mtandaoni. Kwenye karatasi kulikuwa na kitambaa, jina la mmea, jina la fundi, na namba ya kutafutia makala. Wazee wakapata shukrani yao. Lakini zikaanza kuja barua wasizozitarajia, kutoka kwa wanafunzi wa Taiwan na Korea waliosoma makala kwenye simu na sasa wanataka kushika.

"Mtandao ndio uliowaleta," anasema Profesa. "Nilidhani umekuja kuliua jarida, kumbe unalitafutia wasomaji."

Mkutano wa mwaka jana ukakubali: maneno mtandaoni, vitambaa kwenye karatasi, kwa atakayeagiza na kulipa. Maagizo ya toleo hili yamepita mia mbili. Ni machache kuliko enzi zile, na Bi Mitsue bado anafunga vyakula mchana. Macho nayo yamechoka. Ndiyo maana kuanzia Aprili atawafundisha wenzake wawili wa dukani, wenye vidole vyepesi na, kwa maneno yake, midomo mizito kidogo kuliko ya bosi.

Profesa alimuuliza mstari wa mwisho uandikwe vipi safari hii. Jibu lake tayari limeshachapwa: Vipande vimebandikwa na Kogure Mitsue, ambaye yu hai na anawasalimu.

"Mwaka nitakaokufa kweli," anasema, "nataka jarida lifike kama kawaida, maua yakifunguka. Jina pale chini liwe la mwingine. Bibi Naraoka akilisoma atajua mimi nimekwenda, na kitambaa chake kiko mahali pake."

"Na rambirambi je?" anadakia Mzee Kitazume kutoka mlangoni.

"Si walishatoa," anasema Bi Mitsue, na kuchovya brashi. "Funga mlango."