Mlango Usio na Nyumba

Nyuma ya karakana ya Mzee Fumo, mtaa wa Shela mjini Malindi, palisimama mlango usio na nyumba. Nguzo mbili, fremu na ubao wa mninga, basi. Ukiuzunguka unakutana na kuku tu. Hapo ndipo Mwanasiti binti Abdulhalim alipojifunza kufungua vitasa bila funguo, mwaka wa themanini na nne, na majirani wakamcheka mpaka wakachoka.

Mzee Fumo alikuwa fundi wa vitasa, na watu walimwita pia ajaribu vya kwao, wajue kama vitamshinda mwizi. Kila mara alifunga kitasa kingine kwenye ule mlango, akamwachia Mwanasiti nyaya. Akikiharibu, hakudhurika mtu. Ila sharti lilikuwa moja, hata mbele ya kuku: piga hodi tatu, na usiposikia "karibu", usiguse kitu. Mwanasiti aliona haya kupiga hodi uani, lakini alipiga, na Fumo alimwitikia kutoka karakanani.

Kazi ya kweli ya kwanza ilitoka kwa Bwana Jaafar, muuza vitambaa, mtu wa kujisifu hata kwa kivuli chake. Alikuwa amenunua kitasa kipya, na mji mzima ulishaambiwa kwamba hakifunguki.

"Nitumie huyo mwanafunzi wako," alimwambia Fumo. "N'tajifungia dukani baada ya adhuhuri. Akiingia, n'tamvulia kofia."

Abdulhalim, baba yake Mwanasiti, alikubali kwa shingo upande. "Nikisikia neno moja baya mjini, nyaya hizo utazirudisha siku hiyo hiyo."

Mwanasiti alifika peke yake, jua la utosi, maduka yamefungwa. Akatoa nyaya, akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena, na tena. Kimya. Bwana Jaafar alikwisha kula wali wake na usingizi umemchukua mzimamzima. Vidole vilimwasha Mwanasiti. Si ameitwa? Nani angemlaumu? Hata hivyo aliketi barazani, nyaya mapajani, akangoja.

"Mwizi!" Huyo alikuwa Bi Mahfudha, jirani wa dirisha la mbele.

Watu wakamiminika, usingizi wote wa mchana wameusahau. Charo, mpagazi wa sokoni, akamshika mkono.

"Nimeitwa na Bwana Jaafar," alisema Mwanasiti.

"Jaafar yuwapi?"

Mwanasiti akauonyesha mlango, lakini hakutoka mtu. Alimfikiria baba yake, na machozi yakamlengalenga.

Charo akainama, akakitazama kitasa. Hakikuwa na hata mkwaruzo. "Bi Mahfudha, umemwona akikigusa?"

"La. Kapiga hodi tatu, kisha kaketi."

"Sasa mwizi gani huyu, apiga hodi kisha angoja kukaribishwa?"

Mmoja akacheka, kisha wote, na kicheko hicho ndicho kilichomwamsha Jaafar.

"Nani? Karibu!"

Mwanasiti alishusha pumzi ndefu, akajifuta macho kwa buibui. Ah, alifurahi! Akaingiza waya, akaupinda kidogo, na mlango ukafunguka Jaafar akiwa bado na fulana, akipapasa kutafuta kofia ya kuvua. Watu walimcheka mpaka wakashika mbavu.

Bi Mahfudha akamvuta Mwanasiti kando.

"Mwanangu, na changu utakuja lini kukijaribu?"

"Siku utakayonikaribisha, bibi."