Alilipwa Aondoke Sydney, Sasa Anamuuguza Mama Yangu na Mimi Wivu Unanimaliza

Admin, jina langu usilitoe kabisa, maana Waswahili wa Sydney tunajuana mpaka rangi ya mapazia. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, kwetu Tanga, naishi Granville na binti yangu. Nafanya kazi ya kutunza wazee upande wa Westmead. Karatasi zangu zimekamilika, uraia ninao. Naombeni mnisome mpaka mwisho kabla hamjanitukana.

Nina rafiki, nitamwita Rehema, naye kwao Tanga. Alikuja kwa viza ya mwanafunzi, ada ikamshinda, viza ikaisha, akabaki kimya kimya anaosha vyombo kwenye mgahawa mmoja Bankstown, analipwa mkononi. Korona ilipofunga migahawa, wenye karatasi tulipata msaada wa serikali, yeye hakupata kitu. Nikamchukua akae kwangu. Alilala chumba kimoja na binti yangu, nilipika tukala pamoja, sikumdai chochote.

Siku moja akaniambia, "Dada, nimechoka kujificha. Nimesikia asiye na viza akikubali kuondoka mwenyewe, serikali inamlipia tiketi na kumpa pesa kidogo za kuanzia maisha kwao. Naenda." Nikamwambia, "We Rehema, watu wanalia waje huku, wewe unakubali kulipwa utoke?" Akacheka tu. Kwa kweli nilimwonea huruma. Nikampa doti ya kanga na mafuta ya kuchua miguu ampelekee mama yangu, akaenda zake.

Laiti ningejua! Hakukaa sana kule, mama akapata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Nikaomba ruhusa ya kusafiri, maana wakati ule raia hatukuruhusiwa kutoka Australia bila kibali. Nikakataliwa. Nikaomba tena na barua ya daktari, nikakataliwa tena. Jamani! Mimi niliyehangaika miaka yote kuutafuta uraia nimefungiwa ndani, na asiye na karatasi kapandishwa ndege bure mpaka mlangoni kwa mama yangu! Nikawa naenda kazini kuwaogesha mama za watu, wangu anaogeshwa na Rehema.

Maana ndicho alichofanya. Zile pesa alinunua masufuria na jiko kubwa, asubuhi anauza chapati na maharage, mchana anafunga anakwenda kwa mama. Anampikia uji, anamnyoosha mkono, anamsuka. Nikipiga video, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba mwanangu, ngoja kidogo, Rehema ananimalizia kichwa." Nangoja, mimi! Siku nyingine nikawakuta wamevaa ile doti yangu, mama kipande kimoja, yeye kingine. Kwetu doti moja huvaa mtu na mwanawe. Nilikata simu nikasingizia mtandao. Binti yangu akaniuliza, "Mum, are you crying because of Aunty?" Nikamfokea akamalizie homework, maskini, hana kosa.

Nikashindwa kuvumilia, nikamtumia Rehema ujumbe wa sauti: "Hivi wewe ulilipwa urudi kwenu au ulilipwa uninyang'anye mama?" Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionikata maini. "Dada, mama yangu alipofariki sikuweza kwenda kuzika, ningetoka vipi na kurudi vipi? Tukakaa matanga sebuleni kwako. Ukanishika mikono ukaniambia, usilie, kuanzia leo mama yangu ni mama yako. Mimi nililichukua lile neno, dada. Nilirudi nyumbani nikijua ninaye mama."

Hee! Sasa nani hasemi vile msibani? Kila mfiwa huambiwa hivyo, na kila mtu anajua ni maneno ya kumpoza moyo. Mlishaona wapi mtu amefunga virago akaenda kumchukua mama mwenyewe? Lakini mdomo ulikuwa wangu, na mashahidi wapo, siwezi kukana.

Wiki hii mdogo wangu wa kiume aliye Dar kanipigia. "Dada, nyumba umejenga wewe, toa neno. Usiku mama anahitaji mtu. Anataka Rehema ahamie, alale chumba chako." Chumba changu! Nilichokiwekea vigae kwa shift za wikiendi, nikachagua mpaka kitasa, na sijakilalia hata mara moja. Nikaomba kuongea na mama mwenyewe. Akaniambia, kwa ule ulimi wake mzito wa siku hizi, "Usijisumbue kuja, mwanangu. Fanya kazi. Rehema yupo." Najua alisema kunionea huruma. Ila wallahi, bora angenipiga kofi.

Mipaka imefunguliwa sasa. Kazini wamenikubalia likizo ya mwezi mmoja tu. Naweza kwenda nikamwambia Rehema asante, mwenye mama kafika, kwaheri. Halafu mwezi ukiisha nani atamgeuza mama kitandani? Mdogo wangu ana kazi yake, na mtu wa kulipwa tulishajaribu, akakimbia. Na nikimkubalia ahamie, nitaingia kwenye nyumba niliyoijenga kama mgeni, nitandikiwe godoro sebuleni. Tiketi sijakata mpaka leo. Watu nawaambia bei ziko juu, lakini ukweli naujua mwenyewe: naogopa nifike, nikae pale pembeni ya mama, kiu imshike, aite Rehema.

Ndugu zangu, hasa mlioacha mama zenu mbali, nimpe chumba au nimnyime? Mdogo wangu anasubiri jibu. Nisemeni mtakavyo, ila msiniambie kwamba natakiwa kumshukuru. Hilo nalijua, na ndilo linaloniuma.